Jembe Mkononi, Bado Mgeni

Wahenga waliposema kwamba mgeni hulishwa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe, hawakuwa wakimfanyia mgeni uchoyo. Walikuwa wakimpa heshima. Mwenye kupewa jembe amekwisha kuondolewa kwenye mkeka wa wageni na kuingizwa shambani; haulizwi tena atakula nini, bali ataanza kulima wapi. Ndani ya methali hiyo fupi imo sheria nzima ya uraia: kazi ya pamoja humaliza ugeni. Anayelima pamoja na wenyeji, akanyeshewa na mvua ile ile na kuunguzwa na jua lile lile, huyo naye ni mwenyeji, ijapokuwa lafudhi yake ni ya ng'ambo na kilemba chake hakifanani na vya wenziwe.

Sasa na itazamwe Kanada, nchi ambayo wana wengi wa mwambao huu wamehamia na kuzalia watoto. Huko jembe hutolewa mapema, aghalabu siku ya kwanza. Lakini ugeni hauishi. Mtu hulima miaka arubaini, mwanawe akalima, mjukuu wake naye akalima, na bado jirani humwuliza kwa tabasamu na adabu kamili: asili yako hasa ni wapi? Adabu ya swali hilo ndiyo inayolifanya liwe gumu kujibiwa. Muulizaji hana chuki. Ana picha tu kichwani mwake, na aliyesimama mbele yake hafanani na picha hiyo. Wengi huona hili kuwa jambo dogo, la kuchekewa na kupitwa. Si dogo. Taifa linapowapima raia wake kwa picha, linakuwa limetangaza kwamba wapo raia wa kudumu na wapo raia wa muda, na tarehe ya mwisho wa muda huo haiandikwi popote.

Picha yenyewe inajulikana hata visiwani, kwa watu ambao hawajapata kuona theluji ila katika sinema. Mkanada ni mtu mweupe wa baridi. Hucheza mpira wa magongo juu ya barafu. Hula utomvu mtamu wa mti uliopikwa hata ukawa kama asali. Akikanyagwa mguu, yeye ndiye huomba radhi. Nyuma yake wapo polisi wa koti jekundu aliyepanda farasi, mkata magogo mwenye shati la mirabaraba, na msitu usio na mwisho. Ni picha nzuri, haina damu wala kelele, na kwa sababu hiyo hakuna anayeona haja ya kuihoji.

Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Bendera yenye jani jekundu, ambayo leo hudhaniwa kuwa ya tangu na tangu, ilipandishwa rasmi tarehe 15 Februari 1965, baada ya mabishano makali ya mwaka 1964, na wapo raia waliosikitika kuiona ile bendera ya kale yenye alama ya Uingereza ikishushwa. Biva, yule mnyama wa mitoni ajengaye mabwawa kwa miti, alifanywa alama rasmi ya nchi mwaka 1975, baada ya karne kadhaa za kuwindwa ili ngozi yake itengeneze kofia za mabwana wa Ulaya. Mpira wa magongo wa barafuni uliandikwa katika sheria kuwa mchezo wa taifa wa majira ya baridi mwaka 1994. Na katika sheria hiyo hiyo mchezo wa lakrosi ukatajwa kuwa wa majira ya joto, nao ni mchezo ulioasisiwa na wenyeji wa asili wa bara lile kabla ya jahazi lolote la Ulaya kutia nanga. Hata jina la nchi halikuletwa na wenye picha. Neno walilolisikia Jacques Cartier na watu wake mwaka 1535 lilikuwa *kanata*, na kwa wenyeji waliolitamka lilikuwa na maana ya kijiji. Nchi nzima imejiita kijiji kwa lugha ya watu ambao picha ya taifa imewaacha nje ya fremu, au imewaweka pembeni kama pambo.

Hapana ubaya taifa kujiundia alama. Kila taifa hufanya hivyo. Ubaya huanza pale alama inapogeuzwa kuwa kipimo. Bendera hupandishwa juu ili kila aliye chini yake aione. Kipimo hushushwa chini ili baadhi ya watu waonekane wafupi. Tofauti baina ya mambo hayo mawili ni kubwa, na wanaoitetea picha ya Mkanada wa theluji hawataki kuiona.

Mwaka 2000 kampuni ya bia ya Molson ilitoa tangazo la televisheni lililopendwa nchi nzima. Kijana amesimama jukwaani, anakanusha moja baada ya jingine mambo ambayo Wamarekani huwadhania Wakanada: yeye si mkata magogo, wala hauzi manyoya, wala hakai katika nyumba ya barafu. Kisha sauti inapanda, na kilele chake ni kutangaza kwamba yeye ni Mkanada. Watu walishangilia katika mabaa na katika viwanja vya michezo. Hata wasomi walilisifu wakisema kwamba, hatimaye, taifa limezivunja dhana zilizokuwa zimeligandamana.

Na itazamwe vizuri dhana gani ilivunjwa. Kijana yule alikuwa na haki ya kumkana mkata magogo kwa sababu kila amwonaye alikuwa tayari kumdhania kuwa ni mkata magogo. Kukanusha picha ni anasa ya aliyekwisha kufanana nayo. Bibi aliyehamia Toronto akitokea Dar es Salaam, mwenye kanga begani na maneno ya Kiswahili katikati ya Kiingereza chake, hakuna aliyepata kumshuku kuwa anauza manyoya ya biva. Yeye hana picha ya kukana. Ana mlango wa kubisha hodi. Tangazo lile halikumfungulia. Lilimpa mwenyeji kicheko kipya juu ya nafsi yake, likauza bia, na mwaka 2005 kampuni yenyewe ikaungana na kampuni ya bia ya Marekani, ile ile nchi iliyokuwa ikitambiwa. Huo ndio uzalendo wa chupa: ukimiminwa huishia hapo.

Mwaka 2025, Rais Donald Trump wa Marekani aliporudia kuitaja Kanada kuwa ingefaa kuwa jimbo la 51 la nchi yake, hasira ya Wakanada ilikuwa ya haki. Kaulimbiu iliyoshika ilitoka tena katika uwanja wa barafu: viwiko juu, kama mchezaji anavyojikinga na wapinzani. Waliipokea watu wa kila rangi, na hilo ni jema. Ila wapo walioliona tukio hilo kuwa ni ushahidi kwamba roho ya taifa ni theluji na magongo, na hapo wamekosea. Kilichotishiwa mwaka ule hakikuwa barafu. Ilikuwa haki ya watu kujitawala, kujitungia sheria na kupiga kura juu ya mambo yao. Haki hiyo ni ya mtoto wa mhamiaji kama ilivyo ya mjukuu wa mkata magogo, na asiyejua kusimama juu ya barafu anaweza kuilinda vile vile.

Anayedhani kwamba kipimo cha picha humuumiza mtu moyoni tu, na hakimgusi katika mali wala katika mwili, na aitazame historia ya jembe katika nchi hiyo. Wachina waliletwa kwa maelfu kujenga reli iliyoiunganisha Kanada kutoka mashariki hadi magharibi. Walipasua majabali kwa baruti, na wengi walikufa milimani. Reli ilikamilika mwaka 1885. Mwaka huo huo serikali ikaweka kodi ya dola 50 juu ya kichwa cha kila Mchina anayeingia. Mwaka 1900 ikawa dola 100, na mwaka 1903 ikawa dola 500. Mwaka 1923 mlango ukafungwa karibu wote, na haukufunguliwa mpaka 1947. Hao walipewa jembe siku ya kwanza. Walipomaliza kulima shamba la wenyewe, wakaambiwa wamekuwa wageni wengi mno.

Au watazamwe Wakanada wenye asili ya Kijapani waliokuwa wakiishi pwani ya magharibi, katika jimbo la British Columbia. Walikuwa wavuvi, wakulima wa matunda na wenye maduka, na wengi wao walikuwa raia, waliozaliwa pale pale au waliokula kiapo. Vita na Japani vilipoanza mwezi Desemba 1941, mashua zao za uvuvi zaidi ya 1,000 zilikamatwa. Mwaka 1942 watu wapatao 22,000 waliondolewa pwani na kupelekwa makambini na mashambani bara. Nyumba, mashamba na vyombo vyao viliuzwa bila ya ridhaa yao. Baada ya vita karibu watu 4,000 walipelekwa Japani, wengi wao wakiwa wamezaliwa Kanada, na waliobaki hawakuruhusiwa kurudi pwani mpaka mwaka 1949, miaka minne baada ya bunduki kunyamaza. Mtu wa visiwani hahitaji kufafanuliwa maana ya kumnyang'anya mvuvi chombo chake. Na kosa la mvuvi yule lilikuwa moja tu: uso wake haukuwamo katika picha. Mshairi Joy Kogawa, aliyezaliwa Vancouver mwaka 1935 na kuhamishwa pamoja na wazazi wake akiwa mtoto, aliyaandika hayo katika riwaya yake *Obasan* ya mwaka 1981. Serikali iliomba radhi mwaka 1988.

Hapo ndipo ile sifa ya adabu inapovuliwa joho. Kanada iliwaomba radhi Wajapani wake mwaka 1988. Mwaka 2006 iliwaomba radhi Wachina kwa ile kodi ya kichwa. Mwaka 2008 iliwaomba radhi wenyeji wa asili kwa shule za bweni, ambazo kwa zaidi ya karne moja ziliwachukua watoto wapatao 150,000 kutoka kwa wazazi wao na kuwakataza lugha zao. Mwaka 2016 iliomba radhi kwa kuirudisha, mwaka 1914, meli ya Komagata Maru iliyokuwa na abiria 376 kutoka India. Radhi zote hizo zilistahiki, na nyingi zilichelewa. Lakini kila radhi ni ushahidi dhidi ya picha. Taifa lililo pole kwa maumbile lisingekuwa na orodha ndefu namna hiyo. Pengine si ajabu kwamba jimbo la Ontario lilitunga sheria mwaka 2009 inayosema kwamba neno la kuomba radhi lisihesabiwe mahakamani kuwa ni kukiri kosa. Sheria hiyo ina manufaa yake, hasa hospitalini, baina ya mganga na mgonjwa. Lakini kama istiara ya taifa zima, mshairi hawezi kubuni iliyo bora kuliko hiyo.

Wapo watetezi wa picha wasemao kwamba hayo ni mambo ya wahamiaji, na kwamba muda ukipita kila mtu hufanana. Na waende Nova Scotia, mkoa wa bahari upande wa mashariki. Mwaka 1783 watu weusi wapatao 3,000 walifika huko wakiwa upande wa Mwingereza katika vita vya uhuru wa Marekani. Wengine wakafuata baada ya vita vya mwaka 1812. Shirikisho la Kanada lenyewe liliundwa mwaka 1867. Hao ni wakongwe kuliko nchi. Lakini mtaa wao wa Africville, ukingoni mwa maji katika mji wa Halifax, ulinyimwa maji ya bomba na mifereji ya taka ilhali wakazi wake walilipa kodi, kisha ukabomolewa katika miaka ya 1960. Kanisa lao lilibomolewa mwaka 1967. Mji uliomba radhi mwaka 2010. George Elliott Clarke, mshairi wa Nova Scotia na Mkanada wa kizazi cha saba, aliyekuwa mshairi rasmi wa Bunge la Kanada mwaka 2016 na 2017, ilimlazimu kuwabunia watu wake jina kwa kuunganisha Afrika na Akadia, jina la kale la Wafaransa kwa nchi ile. Mtu wa kizazi cha saba analazimika kujibunia jina ili aonekane! Huo si muda uliokosa kupita. Ni jicho lililokataa kuona.

Mwaka 2015, katika mdahalo wa uchaguzi, Waziri Mkuu Stephen Harper alitumia maneno yenye maana ya Wakanada wa shina la kale. Alipohojiwa, alieleza kwamba alikusudia wale ambao familia zao zimekaa Kanada kizazi kimoja au zaidi. Na maelezo hayo yakubaliwe. Lakini neno likishatoka lina maisha yake, na waliolisikia walijua mara moja nani yumo na nani hamo. Hakuna aliyewafikiria watu wa Africville, wala Wainuit, wala Mataifa ya Kwanza, ambao shina lao ni la kale kuliko mashina yote yaliyoota huko.

Tena neno hilo halikusimama peke yake. Mwaka uliotangulia, 2014, Bunge lilipitisha sheria iliyoiwezesha serikali kumvua uraia mtu mwenye uraia wa nchi mbili akitiwa hatiani kwa makosa kama ugaidi au uhaini, hata kama amezaliwa Kanada. Hakuna mwenye akili anayemtetea gaidi. Hoja ni nyingine: watu wawili wakitenda kosa moja, wa kwanza aadhibiwe kama raia aliyekosa, na wa pili afukuzwe kama mgeni aliyevunja adabu ya nyumba. Uraia wa yule wa pili, na wa kila mwenzake asiye na kosa lolote, ukawa ni mkopo. Kipengele hicho kiliondolewa mwaka 2017. Lakini somo lake halifutiki: picha iliyokuwa kichwani mwa jirani mwenye tabasamu ilipata kuwa sheria ya nchi kwa muda wa miaka mitatu.

Wapenzi wa ushairi wana sababu yao mahususi ya kulishughulikia jambo hili, kwa kuwa fasihi nayo imetumika kuitundika picha ukutani. Mwaka 1972 Margaret Atwood alichapisha kitabu chake *Survival*, kilichodai kwamba ishara kuu ya fasihi ya Kanada ni kunusurika: mtu mbele ya baridi, pori na upweke. Ni kitabu chenye akili na ushujaa, na kilizipa heshima kazi ambazo vyuo vingi vilizidharau. Lakini mwaka huo huo wa 1972, mwezi wa Agosti, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na karibu 6,000 kati yao wakapokewa Kanada, wengi wakiwa na mizigo michache mikononi na Kiswahili cha dukani vinywani. Hao pia walikuwa wamenusurika. Wapo walionusurika theluji, na wapo walionusurika serikali. Na nadharia ya kunusurika iliyojengwa juu ya theluji pekee haikuwa na chumba cha kuwaweka watu hawa.

Miaka ishirini na miwili baadaye, chumba hicho kilifunguliwa kwa mkono wa mtu anayejulikana mwambao. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akalelewa Dar es Salaam, akasomea fizikia Marekani na kuhamia Kanada mwaka 1978, alishinda tuzo ya Giller ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Riwaya iliyompa ushindi ni *The Book of Secrets*. Kisa chake kinaanzia Kikono, mji mdogo wa kubuniwa, mpakani mwa milki ya Mwingereza na milki ya Mjerumani, na kinafika Dar es Salaam. Mwaka 2003 akaishinda tena tuzo hiyo kwa riwaya inayohusu Kenya. Hivyo basi, mwaka ule ule ambao Bunge liliandika mpira wa magongo katika sheria, riwaya yenye vumbi la Afrika Mashariki ilitangazwa kuwa kilele cha fasihi ya Kanada. Kipi kati ya hivyo viwili ni Kanada halisi? Jibu la picha ni magongo. Jibu la maisha ni vyote viwili.

Si yeye peke yake. M. NourbeSe Philip, mzaliwa wa Tobago na mkazi wa Toronto, alichapisha *Zong!* mwaka 2008, ushairi uliotungwa kwa maneno ya taarifa ya kesi ya meli ya Zong, ambayo mabaharia wake mwaka 1781 waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 ili wenye meli walipwe bima. Katika ushairi huo mtu hufa majini, hafi thelujini. Mpimaji wa picha atauliza una Ukanada gani. Na aulizwe yeye: Ukanada gani huo usioweza kubeba bahari, ilhali wengi wa watu wake walivuka bahari, wao au babu zao, kabla ya kuiona theluji? Na nyumba ya uchapishaji aliyoiasisi Vassanji pamoja na Nurjehan Aziz leo inaitwa Mawenzi House, kwa jina la kilele cha pili cha Kilimanjaro, chenye majabali matupu ambayo theluji haidumu juu yake. Nyumba hiyo iko Toronto, na vitabu vyake ni vya Kanada.

Hapa huinuka sauti nyingine, ya watu wema zaidi. Hawa husema kwamba picha ya zamani imekwisha kubadilishwa. Tangu mwaka 1971, Pierre Trudeau alipotangaza sera ya tamaduni nyingi, na tangu sheria yake ya mwaka 1988, Kanada imejiita taifa la vipande vingi vya rangi vilivyopangwa pamoja kama nakshi ya sakafuni. Ni kweli kwamba sera hiyo imefanya mema makubwa, na nchi nyingi zingefaa kuiga. Lakini nakshi nayo imegeuka kuwa picha, na picha hii ina mtego wake. Kila kipande kimepewa mahali pake na rangi yake, na kinatakiwa kibaki na rangi hiyo. Mhamiaji hualikwa siku ya sherehe alete ngoma, sambusa na vazi la kwao. Akileta hoja juu ya bajeti au juu ya ushairi wa Kiingereza, watu hushangaa. Neil Bissoondath, mwandishi aliyezaliwa Trinidad, aliyasema haya kwa ukali mwaka huo huo wa 1994 katika *Selling Illusions*, na alilaumiwa sana. Alikuwa na haki katika kuuona mtego. Alikosea katika kuubebesha sera peke yake. Sera haikumweka mhamiaji pembeni. Ilimkuta pembeni, ikampambia pembe hiyo. Katikati pa nakshi palibaki kama palivyokuwa, na aliyekaa hapo hakuambiwa kwamba naye ni kipande.

Itasemwa pia kwamba taifa lisilo na sura moja haliwezi kushikamana, litakuwa kama hoteli ambamo kila mtu ana ufunguo wa chumba chake na hakuna anayefagia ukumbi. Hoja hii ni nzito na inastahiki jibu. Jibu ni kwamba kufanana hakujapata kuwafanya watu wafagie. Ndugu waliofanana kama shilingi kwa ya pili hugombea urithi mpaka mahakamani. Kinachoshikamanisha watu ni deni walilo nalo kwa pamoja: kodi, sheria, shule za watoto wao, na makosa ya kale ambayo wote hurithi madeni yake, pamoja na deni la ardhi kwa wenyeji wa asili. Aliyekula kiapo cha uraia jana amerithi deni hilo sawasawa na aliye kizazi cha saba. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba asilimia 23 ya wakazi wa Kanada ni wahamiaji. Taifa haliwezi kumwita mgeni mtu mmoja kati ya kila wanne hivi, kisha likashangaa ukumbi haufagiliwi.

Lakini mwambao nao una kesi ya kujibu. Mtoto aliyezaliwa Toronto na wazazi wa Unguja au Mombasa huulizwa huko asili yake hasa ni wapi. Akija likizo, shangazi humtazama anavyokula, humsikia Kiswahili chake kikichechemea, na kumwambia kwa kicheko: "Wewe umeshakuwa Mzungu." Kule amenyimwa theluji, huku amenyimwa bahari. Kisha huletwa methali ya mkataa kwao mtumwa na kutumiwa kama bakora, kana kwamba mtoto yule amekataa kitu. Hakukataa. Kwao ni kuwili, kama upanga ulivyo na makali kuwili, na kumlazimisha achague ni kuuvunja upanga wenyewe. Vivyo hivyo wapo wasomaji wa pwani wanaomwita Vassanji Mhindi aliyekwenda zake Kanada, na kwa neno hilo wanatupa nje ya fasihi ya Afrika Mashariki vitabu vilivyoihifadhi mitaa ya Kariakoo kuliko kumbukumbu nyingi za serikali. Watu ambao mababu zao walitoka Hadhramauti, Ngazija na bara, wakakutana katika lugha moja na kuifanya kuwa kwao, walipaswa kuwa wa mwisho duniani kupima watu kwa picha.

Kwa hiyo picha ya theluji na itundikwe, kwa kuwa ni nzuri, lakini isishushwe ukutani kupimia watu. Wahakiki wa Kanada wakome kumwuliza mshairi mweusi anatoka wapi, waanze kumwuliza kwa nini beti zake zimekatika pale zilipokatika. Wapangaji wa maktaba wakiweke *The Book of Secrets* katika rafu moja na *Survival*, bila kibandiko cha utamaduni wa wahamiaji. Shangazi wa pwani amfunze mtoto neno la Kiswahili badala ya kumcheka kwa kutolijua. Na popote jembe linapoonekana mkononi mwa mtu, asiulizwe tena amefika lini. Aulizwe shamba limefika wapi, na mwulizaji ashike mpini wake.